Supu ya Mwani Uliyowamwagia Kuku

Chemchem, Tabora
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako dada yangu Saumu,

Shikamoo dada. Najua utaitikia marahaba, hata kama utaitikia kwa kununa, maana mara ya mwisho ulinikatia simu kabla sijasema kwaheri. Vipi mgongo wako? Na zile nyufa za vidole zimefunga, au bado unaingia nazo kwenye maji ya chumvi? Shemeji Bakari macho yake yanaendeleaje na yale matone? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila miguu imevimba na usingizi umenikimbia. Ukiyaondoa hayo mawili, sina la kulalamikia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe huanza kulia na mimi huanza kugomba, na jambo lenyewe linabaki palepale. Uliniuliza swali moja tu: likizo hii umlete Zena aje akae na mimi mama yake, au abaki huko? Nami nikakujibu hapohapo, bila hata kuvuta pumzi: mlete. Nilishafanya na maandalizi. Nimenunua kitanda kidogo nikakiweka dirishani, na nimezungumza na mwalimu mkuu wa shule moja ya Ipuli, akasema nafasi ya kidato cha pili ipo. Basi kabla hujaenda stendi kukata tiketi, isome barua hii yote. Ukifika mahali ukakasirika, iweke chini, unywe maji, halafu uendelee.

Huku mvua imechelewa na jua linatuunguza tangu asubuhi. Kutoka hapa Chemchem mpaka kituo cha afya ninakofanya kazi nafika nimepakwa vumbi mpaka kwenye kope, na lile gwanda langu jeupe ni jeupe kwa jina tu. Mkunga mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo zamu zake nazibeba mimi. Wiki iliyopita aliletwa mama mmoja kwa baiskeli kutoka vijijini, mumewe akiendesha, mama mkwe akikimbia nyuma na beseni kichwani. Alijifungua salama, mtoto wa kiume, mkubwa kama wa miezi mitatu. Nilipomaliza kumshona nikatoka nje nikakaa kwenye benchi, na nilipotaka kuinuka nikashindwa. Mama mkwe akaja akanishika mkono akaniinua kama mimi ndiye niliyezaa. Siumwi, dada, usije ukaanza kunisomea dua. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe si wa jana.

Ule uhamisho nao, usahau. Yule muuguzi wa Tanga aliyekubali tubadilishane vituo ameolewa hukohuko, hataki tena kusikia habari za Tabora. Ni wa tatu huyo. Sasa sitafuti wa nne.

Nije kwa hawa Wakorea, maana ndio waliotugombanisha.

Uliponiambia mara ya kwanza kwamba Zena amebandika juu ya kitanda picha za wavulana saba wenye midomo myekundu, nilikuunga mkono. Uliposema anaimba lugha isiyojulikana akiosha vyombo, nilikuunga mkono. Uliposema anawainamia wageni kama anatafuta sindano iliyoanguka, nilikuunga mkono pia, nikasema mtoto ameharibika. Sikuwa najua ninachosema. Nilikuwa nimetoka zamu, na mtu akitoka zamu anakubali lolote ili simu iishe akalale. Lakini baadaye lilinisumbua. Nikasema, nitamkatazaje mtoto kitu ambacho sijawahi hata kukiangalia? Ngoja na mimi nikawaone hao watu walioniibia mwanangu.

Kuwaona hakukuwa taabu. Bi Thuwaiba, mwenye nyumba wangu, ni mgonjwa wao. Unamkumbuka, yule bibi wa Kiarabu ambaye watu wake walikuja huku zamani na misafara, wakafungua maduka ya nguo, wakazikwa hapahapa. Siku ile nilipofika nikawa nalia chumbani kwa upweke, aligonga mlango akaniambia, "Babu yangu alitoka pwani mpaka hapa kwa miguu yake. Wewe umekaa kwenye kiti cha basi, unalia nini?" Tangu siku hiyo tunapendana. Sasa kila siku baada ya sala ya alasiri anakaa mbele ya televisheni yake na kikombe cha kahawa, na inapoanza tamthilia ya Kikorea iliyotiwa sauti za Kiswahili, hata muuza maziwa akija hafunguliwi.

Yale majina hawezi kuyashika, kwa hiyo amewapa ya kwake. Mama mkwe mkorofi anamwita Bi Kiroboto. Kijana mwenye fedha ni Mtoto wa Tajiri. Msichana wa watu anamwita Yatima, ingawa mama yake yupo na tunamwona kila siku akiuza vitafunwa. "Ana sura ya yatima," ndivyo anavyojibu ukimrekebisha.

Nilianza kwa kukaa pembeni, nikiwakagua kama ninavyoweza kumkagua mtu aliyekuja kuposa. Nilitafuta ubaya. Badala yake, dada, nikaona watu wanavua viatu mlangoni. Nikaona mkubwa akianza kula ndipo wadogo wanashika vijiko. Nikaona mtoto anapokea kikombe kwa mikono miwili. Siku moja Yatima alipiga magoti mpaka paji la uso likagusa sakafu kumsalimia baba wa mchumba wake. Kabula, yule mama wa Nzega anayemsaidia Bi Thuwaiba kazi za nyumbani, akaacha kufagia.

"Hee! Hawa si Wasukuma hawa?" akasema. "Tazama anavyopokea. Kwetu ukipokea kitu kwa mkono mmoja bibi anakunyang'anya."

"Wasukuma gani wanaokula na vijiti?" Bi Thuwaiba akamjibu. "Hebu nyamaza tusikie."

"Vijiti ni shida zao. Adabu ni ya kwetu."

Kuna jambo jingine lilinigusa. Watu hawa hawajui kuambiana wanapendana. Utasubiri sehemu kumi na mbili, mvua inyeshe, mmoja agongwe na gari, ndipo neno limtoke mtu. Lakini kila wakikutana wanaulizana, "Umekula?" Mtu amegombana na mwanawe asubuhi, jioni anampigia simu: umekula? Basi. Nilimkumbuka marehemu baba, ambaye sikumbuki akinisifia hata siku moja, ila ukichelewa kurudi ulikuta amekufunikia sahani ya wali.

Nikaenda na kwenye nyimbo. Pale kituoni kuna binti mwanafunzi wa uuguzi anazijua zote. Nikamwomba anitafutie ule wimbo ambao Zena huurudiarudia, akanichomeka kifaa sikioni wakati tunakunja vitambaa. Sikuambulia hata neno. Mwanzo ni kelele, nakubaliana na wewe, mtu unaweza kudhani wanamfukuza mwizi. Lakini kuna mahali wote wananyamaza, anabaki kijana mmoja tu anaimba polepole, na sauti yake imechoka. Imechoka kweli, dada, siyo ya kuigiza. Nikamwambia yule binti aurudishe nyuma. Akaurudisha mara nne.

Siku hiyo nikampigia Zena, nikamwambia, "Nimewasikiliza Wachina wako."

Akanirekebisha, "Mama, si Wachina."

"Haya, Wakorea. Nisamehe."

Akacheka. Unajua mimi na yeye tulivyokuwa tukiongea: shikamoo mama, nzuri, ndiyo, hapana, haya. Siku hiyo alinieleza yupi ni mdogo wao, yupi anaogopa wadudu, yupi anatunga maneno. Akaniambia na yeye amejifunza kuandika herufi zao kwa kuangalia tu, na kwamba si ngumu, ni kama kupanga matofali. Tuliongea mpaka salio likakata. Nilikwenda kazini nikiwa mwepesi, wenzangu wakaniuliza nimekula nini.

Ndipo ikaja habari ya mwani.

Nairudia hapa kama ulivyonisimulia, kwa sababu nataka uione tena taratibu. Ilikuwa Ijumaa. Ulitoka kwenye shamba lako la mwani maji yakiwa yameanza kujaa, umelowa mpaka kifuani, kamba zimekukata viganja. Ukakaa barazani hata kanga hujabadilisha. Zena akatoka jikoni na sinia, juu yake bakuli limefunikwa. Akapiga magoti. Akaliweka mbele yako kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mpaka mkekani, akasema maneno ya Kikorea. Ukafunua, ukakuta mwani. Tena mwani wako mwenyewe, alioutoa kwenye ule uliokuwa umeanikwa unamsubiri mnunuzi. Kauloweka, kauchemsha na kitunguu saumu na dagaa.

Maneno yako bado ninayo sikioni. "Mwani, Mwanajuma! Mwani! Miaka yote naufunga, naubeba, naunuka mpaka mume wangu ananigeuzia mgongo, leo naletewa niule? Mimi samaki?"

Nami nilikuelewa, kwa sababu na mimi ni mtu wa hukohuko pwani. Kwetu nani alishawahi kula mwani? Tunaupanda, tunauanika, unaingia kwenye magunia, unakwenda ng'ambo kutengenezewa dawa ya meno na sijui nini. Mtu akionekana anachemsha mwani, majirani wanajua unga umekwisha nyumbani. Ulidhani anakutangaza kwamba humlishi. Ukamzaba kibao, ukamnyang'anya simu, supu ukawamwagia kuku, na kuku wenyewe, ulivyosema, waliipekua wakaenda zao. Hapo nilicheka, Mungu anisamehe.

Kesho yake nilimpigia kwa simu ya shemeji. Sikumuuliza lolote. Nilimwambia hana shukrani, nikamwambia mama yake mkubwa si wa kufanyiwa mzaha wa Wakorea, nikamwambia kama amechoka kula chakula cha watu aseme. Akajibu, "Samahani mama." Tangu siku hiyo nikimwomba shemeji ampe simu naambiwa yuko msalani. Mtoto gani anakaa msalani wiki sita? Na ndani ya wiki hizo sita ndipo wewe nawe uliposema umechoka na mwana wa watu, ukaniuliza umlete au abaki.

Sasa nisikilize.

Jumanne iliyopita nilikuwa na mapumziko. Baada ya alasiri tulikaa mkekani watu watatu, mimi, Bi Thuwaiba na Kabula, tunachagua mchele, macho kwenye televisheni. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Yatima. Nikangoja keki. Badala ya keki aliamka alfajiri, akachukua majani meusi makavu, akayatia kwenye beseni la maji, yakavimba, yakafunguka, yakawa ya kijani. Mimi nikaacha kuchagua mchele. Unaweza kunidanganya kwa vitu vingi, dada, lakini mwani naujua hata ukiniletea gizani.

Akaupika. Akautia kwenye bakuli, akaupeleka kwa mama yake, magoti chini, mikono miwili, kichwa chini. Na ile sauti ya Kiswahili ikasema maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasikia: "Siku uliyonizaa walikupa supu hii upate nguvu. Leo watu wananipongeza mimi, lakini uchungu ulikuwa wako. Asante, mama."

"Kumbe ndio uji wao wa pilipili manga," Kabula akasema, akiendelea na mchele wake. "Mzazi lazima anywe kitu cha moto."

Nikaenda chumbani kutafuta kadi ya kliniki ya Zena, ambayo ninayo mpaka leo. Nikaisoma tarehe ya kuzaliwa, nikahesabu siku kurudi nyuma. Ndiyo Ijumaa ileile. Wewe na mimi hatujalelewa kusherehekea siku za kuzaliwa, lakini kila mwaka mimi humtumia angalau ujumbe. Mwaka huu nilikuwa zamu, nikasahau.

Nilikaa kitandani nikalia, na sitakuficha, nililia kwa furaha. Nilijiambia mwanangu amenishukuru. Ameshika mwani, ameinama, amesema asante mama. Siku mbili nzima nilikuwa mtu mwingine. Wodini nilimsimulia kila aliyejifungua, hata wale ambao hawakutaka kusikia. Nilikitandika kile kitanda cha dirishani shuka jipya. Niliwaza atakapofika nitampikia uji wa pilipili manga, tunywe wote, nimwambie nimeelewa.

Alhamisi nikamsimulia Bi Thuwaiba kisa chote, mwanzo hadi mwisho, wakati wa chai. Alisikiliza. Halafu akaniuliza, "Na hilo bakuli alimpelekea nani?"

"Dada yangu."

"Wewe hukuwapo."

"Nilikuwa huku."

"Simu alikuwa nayo siku hiyo?"

"Alikuwa nayo, alinyang'anywa baadaye."

Akanitazama kidogo, kisha akatazama kikombe chake. "Nisogezee sukari, mwanangu," akasema. Mimi sikuweza kumaliza chai yangu.

Dada Saumu, bakuli lile lilikuwa lako. Zena hakukosea mlango; angenitaka mimi angenipigia, simu alikuwa nayo. Alijua anampelekea nani, alijua kwa nini amesubiri mpaka utoke majini, na alijua kwa nini ameutumia mwani wako na si mboga nyingine. Alikuwa anakuita mama. Mtoto wa miaka kumi na mitano, anakuita mama kwa Kikorea, kwa sababu kwa Kiswahili tulimkataza.

Na aliyemkataza ni mimi. Hili sijawahi kulisema, na ndilo limenifanya nikae Jumapili hii na kalamu badala ya kulala. Unaikumbuka Idi ile niliyokuja, Zena ana miaka mitano? Alijikwaa kwenye kizingiti, akaumia goti. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nimechuchumaa, mikono nimeifungua. Akanipita. Akakukimbilia wewe jikoni akilia "Mama!" Wewe ukambeba ukampuliza goti, na mimi nikabaki pale nimechuchumaa mbele za wageni. Jioni nikakuita uani, nikakwambia kama Mungu hajakupa wa kwako usichukue wa kwangu.

Nimeyaandika maneno yale kama nilivyoyatamka, ili usije ukadhani nimeyasahau. Ulikwenda kusugua masufuria. Asubuhi yake nilikusikia unamfundisha mtoto, "Mimi mama mkubwa. Mama yako ni yule pale." Kila alipokosea ulimrekebisha, miaka kumi yote, kwa uaminifu kabisa, kwa sababu mimi ndiye niliyetaka. Nisamehe, dada. Nisamehe kwa neno lile. Nilikuwa na wivu, na sikuwa na haki nao.

Maana hebu tuseme ukweli. Uji wa pilipili manga niliunywa mimi, lakini aliyeupika ni nani? Siku arobaini ulilala chini, kando ya kitanda changu. Mimi nilikuwa na homa sijui hata mtoto ana macho gani, wewe ulikuwa unambeba. Halafu nikapangiwa Tabora, zamu za usiku, chumba kimoja, nikakuletea mtoto wa mwaka na nusu nikakwambia mpaka nitulie. Sijatulia mpaka leo. Surua aliuguzwa na wewe. Hedhi yake ya kwanza alikwambia wewe. Ada ya shule nimetuma, ndiyo, na sare, na viatu ambavyo kila mara vilikuwa vidogo kwa sababu sikujua mguu wake umefika wapi.

Kwa hiyo jibu langu la mwanzo nalifuta. Usimlete.

Najua umesema umechoka, nami siwezi kukubishia. Lakini jiulize umechoka na nini. Nadhani umechoka kulea mtoto ambaye kila siku unakumbushwa si wako. Hilo ndilo ninalokuondolea leo. Ukiisoma barua hii ukaona bado unataka aje, nitampokea kwa mikono yote na sitakulaumu. Lakini usimlete kwa sababu ya supu. Kitanda nimekwishampa Kabula kwa ajili ya wanawe, na yule mwalimu mkuu nitamwendea kesho nikamwombe radhi.

Nakuomba mambo machache. Mrudishie simu yake. Zile picha za ukutani ziache, hawamli. Na mwambie akupikie tena ile supu. Ule, dada. Kama mkunga nakwambia hutadhurika. Uoshwe tu vizuri chumvi itoke, na uanze na kidogo, maana sijui kama mwani wetu ndio ule wao. Ukikuta una ladha ya kamba, vumilia. Halafu umwite jina lake, umwambie, "Nimekula, mwanangu." Kwa Wakorea hilo linatosha.

Jambo la mwisho ndilo gumu kwangu. Usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekufumbulia. Akijua, atafikiri umeambiwa uipende. Mwache aamini uliielewa mwenyewe, labda uliona kwenye televisheni kwa jirani. Na siku akikosea tena akakuita mama, usimrekebishe. Mimi nitakuja mwakani nikipata ruhusa, nitafikia chumba cha wageni, na nikimsikia anakuita hivyo nitaendelea kula.

Bi Thuwaiba anakusalimu, anasema ukija Tabora atakuonyesha Bi Kiroboto alivyopatwa na aibu. Kabula naye anakusalimu, amekuwekea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, utapika na karanga. Nisalimie shemeji Bakari, mume wako, mwambie matone asiyaache hata akiona nafuu. Nisalimie Bi Mwanaidi, mjane wa marehemu mjomba, umwambie dawa yake ya miguu nimeipata. Wasalimie na wenzako wa mwani wote, ila usiwaambie tunaula, watatucheka mpaka Ramadhani.

Na unisalimie mwanao Zena. Muulize amekula.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanajuma,
mama mdogo wa Zena.